Pazuri kupiga picha, kukaa je?

Jamani hivi nani katuroga na huu ukuta wa majani ya plastiki? Yani sa hivi Dar nzima, kuanzia Mbezi Beach mpaka Kigamboni, ukiingia mgahawa mpya, saluni, duka la simu, ofisi ya mikopo, hata kliniki ya meno, unakuta ukuta mmoja umefunikwa majani ya kijani ya plastiki, katikati maandishi yanawaka pinki, mara nyingi ya Kiingereza, chini yake kiti kimoja cha velveti ambacho hakuna mtu anakikalia zaidi ya dakika mbili, ni cha picha tu. Juu hakuna siling bodi, zege limepakwa rangi nyeusi, mabomba ya AC yako nje nje, balbu zinaning'inia kwenye waya mrefu. Chini marumaru zinazojifanya mawe ya Italia. Ukifungwa kitambaa machoni ukapelekwa sehemu tano tofauti huwezi kujua ipi ni Sinza ipi ni Masaki mpaka uletewe bei ya juisi.

Mi kazi yangu ndo hii hii, napanga na kusimamia ndani ya fremu za biashara na ofisi, kwahiyo msidhani nimekaa pembeni nacheka watu. Majani nimeshabandika sana na mteja akija kesho na hela yake ntabandika tena. Ila kuna kitu kinanikera kadri miaka inavyoenda, sehemu zetu za biashara na za umma zinazidi kupendeza kwenye simu na zinazidi kuchosha ukikaa. Ukuta tunaujali kuliko mtu.

Kwanza tuwe wa haki, hii fasheni haijaja kwa sababu watu hawana ladha. Imekuja kwa sababu ya mkataba. Dar ukitaka fremu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, dalali naye anataka mwezi wake, na mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja, biashara ikichanganya tu unasikia kodi imepanda au mtoto wa mwenye nyumba kamaliza chuo anataka afungue duka lake hapo hapo. Sasa nani atamwaga sakafu ya maana kwenye fremu ya watu? Nani atajenga kibaraza cha kudumu? Ndo maana kila kitu kimekuwa cha kubandika na kubandua, paneli za PVC zenye sura ya mbao, wolpepa, zulia la plastiki, majani yanayofungwa kwa klipu, siku ukiondoka unapakia vyote kwenye kirikuu unahamia Kijitonyama. Ukiweka na simu hapo, kwamba mteja akijipiga picha akaposti amekutangazia bure, hesabu inakamilika. Dada mmoja anafungua mgahawa Sinza aliniambia wazi kabisa, "Dada angu mi chakula kitajiuza, we nipe kona moja watu wapige picha." Na kibiashara hajakosea hata kidogo.

Lakini hayo majani yenyewe bana. Yakipata jua la mlangoni baada ya muda yanaanza kugeuka bluu bluu hivi, ile rangi ya kijani inaondoka inabaki kama majani ya kwenye katuni. Yakiwa karibu na jiko yanakamata mafuta, mafuta yanakamata vumbi, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuosha ukuta wa majani, niamini mi. Kinachochekesha ni kwamba wanaouza hii kitu wanakwambia kijani kinatuliza akili, na kweli kuna utafiti maarufu wa Roger Ulrich wa 1984, aliangalia wagonjwa wa hospitali moja Pennsylvania waliofanyiwa operesheni ya kibofu cha nyongo, wengine dirisha lao lilitazama miti, wengine lilitazama ukuta wa matofali, na wale wa miti waliruhusiwa mapema na wakatumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Sasa soma vizuri, ni miti, iko nje, na kuna dirisha. Sisi tumeziba dirisha tukaweka plastiki juu yake. Mji huu mwembe unaota hata mfereji ukiziba, ukiweka ndoo ya udongo na mpira wa maji unapata kijani cha kweli kwa bei ya mapaneli matatu.

Maandishi ya kuwaka sina ugomvi nayo sana. Neoni ya kweli ni bomba la kioo lenye gesi, Georges Claude aliionyesha Paris mwaka 1910, hii ya kwetu ni LED iliyovalishwa silikoni, haivunjiki kirahisi na umeme inakula kidogo. Shida ni maneno tu. Ukienda kula wali maharage unaambiwa na ukuta kwamba maisha ni mazuri ukiwa umelala ufukweni, kwa Kiingereza.

Haya tuje kwenye kitu kinachonikera hasa. Kelele.

Ile staili ya dari jeusi na mabomba nje asili yake ni viwanda na maghala ya zamani, New York kule SoHo miaka ya 60 na 70 wasanii walihamia kwenye majengo ya viwanda yaliyobaki tupu, hawakuwa na hela ya kuyafunika mabomba, wakaishi nayo. Paris nao mwaka 1977 wakafungua jumba la Pompidou, Renzo Piano na Richard Rogers waliweka mabomba yote nje ya jengo makusudi. Baadae ikawa fasheni ya dunia nzima. Sisi huku tuna magodauni ya kweli yamejaa barabara ya Pugu, tunayaacha tunaenda kutengeneza godauni la uongo Mikocheni ndani ya jengo lililomalizika mwaka jana. Sawa, fasheni ni fasheni. Ila angalia kilichopo humo ndani: zege juu, marumaru chini, kioo mbele, plasta pembeni, meza za chuma, viti vya plastiki ngumu. Hakuna kitu hata kimoja laini. Sauti ikitoka mdomoni inagonga zege inarudi, inagonga kioo inarudi, wakati bado inazunguka, meza ya pili nao wanapandisha sauti wasikike, mhudumu anaona watu hawasikii muziki anaongeza muziki. Mpaka saa mbili usiku watu arobaini wanapigiana kelele kama wako kituo cha daladala Mbagala na wote wamelipa.

Nilimpeleka mama angu sehemu kama hiyo siku ya bethdei yake, pazuri kweli, keki nzuri, akakaa kimya muda wote. Kwenye gari ananambia "Mwanangu nilikuwa naona midomo yenu tu." Ana miaka sitini na kitu, masikio yake mazima kabisa.

Hii kitu sio uchawi, ilishapigiwa hesabu zamani. Mwaka 1895 pale chuo cha Harvard kulikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, mwalimu akisema neno linabaki hewani sekunde tano na zaidi, maneno yanapandana hakuna anayeelewa. Wakampa kijana mmoja mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, atatue. Jamaa akawa anaenda usiku watu wakilala, na wasaidizi wake wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa jirani, wanaipanga ndani, anapiga sauti ya bomba la kinanda anahesabu inachukua muda gani kufa, asubuhi wanarudisha mito yote mahali pake. Akapata kanuni ambayo mpaka leo ndo inatumika, ukumbi ukiwa mkubwa na mgumu sauti inakaa sana, ukiongeza vitu laini inakufa haraka. Basi. Mito tu.

Na sisi vitu laini tunavyo, ndo kinachouma. Mapazia mazito ya kitambaa kuanzia juu mpaka chini ukuta mmoja mzima. Mkeka wa ukili uliokazwa kwenye fremu ya mbao, nyuma yake blanketi zito, na nyuma ya blanketi unaacha nafasi kama upana wa kiganja kabla ya ukuta, hiyo nafasi inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Makochi ya kitambaa badala ya viti vya chuma. Hata raba za kubandika chini ya miguu ya viti, zinauzwa bei ya andazi, zinaondoa ule mkwaruzo wa kila anayeamka. Kwenye dari jeusi unaning'iniza mapande ya kitambaa kilichojazwa, wima, na bado linabaki jeusi na mabomba yako yanaonekana kama ulivyotaka. Trei za mayai acheni kabisa, zinasaidia kidogo mno na zinaonekana kama banda la kuku, na sponji tupu ya godoro usiiweke karibu na jiko, ile ikishika moto haina msalie mtume.

Taa sasa. Hapa ntapita haraka maana ni kitu kidogo ila kinaharibu sana. Kwenye boksi la balbu kuna namba imeandikwa na K pembeni, 2700, 3000, 4000, 6500. Namba ndogo ni mwanga wa njano wa jioni, 6500 ni mweupe wa bluu. Dar kwa sababu isiyojulikana tumeamua mwanga mweupe ndo mwanga mkali na ndo usafi, kwahiyo mgahawa 6500, saluni 6500, hoteli 6500, na mtu akikaa chini yake usiku ngozi yake nzuri nyeusi inageuka majivu, nyama choma inakuwa na sura ya juzi. Halafu huyo huyo anashangaa picha zake hazitoki vizuri. Kwa sehemu ya kula na kupumzika chukua 2700 au 3000, kwa meza ya kazi 4000 inatosha, 6500 ipeleke stoo au gereji. Na pia siyo lazima zote zitoke juu. Fundi jipsam ukimuacha peke yake atakutobolea dari spoti arobaini zimepangwa mistari kama gwaride, zote zinakumulika utosini, macho yanakuwa na vivuli kama hujalala wiki. Ye anaona kamalizia kazi vizuri. "Bosi mwanga umejaa," ananambia, anasubiri nimsifu.

Na zile taa za pembe sita za kinyozi, zile zilizoungana kama mzinga wa nyuki dari zima... hizo nazipenda aisee, siwezi kudanganya. Kinyozi anataka mwanga mwingi usio na kivuli, mwanga unatoka pande zote, kazi inaonekana. Kwa kinyozi zinaeleweka, kwenye baa ndo hapana.

Joto. Dar Februari inafika nyuzi 32 na unyevu juu yake, kila mtu anajua. Jibu letu la siku hizi ni kioo kikubwa mbele na AC mbili, na kioo kikitazama magharibi kuanzia saa tisa mchana hiyo fremu ni oveni, AC inapambana na jua, luku inakimbia, umeme ukikatika wote nje ndani ya robo saa kwa sababu hakuna dirisha hata moja linalofunguka. Hivi mnajua huu mji ulishawahi kuwa na watu wanaojua kushughulika na joto vizuri mpaka raha? Soko la Kariakoo lile jengo kuu, alilichora Mtanzania Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970, nguzo za zege zinapanda juu zinafunguka kama miavuli, hewa inaingia pembeni na kutokea juu, mwanga unashuka wenyewe, na miavuli hiyo hiyo inakinga maji ya mvua yanashushwa chini. Yani nguzo moja inafanya kazi ya paa, ya dirisha na ya mfereji. Lilipoungua Julai 2021 watu wengi tulilia bidhaa na mitaji, na ni haki, ila mi nililia na zile nguzo pia.

Nkrumah Hall pale Mlimani, chuo kikuu, nayo, ile iliyokuwa kwenye noti ya mia tano kabla haijawa sarafu, zege jembamba limekunjwa juu na pembeni pako wazi, mmejaa humo mnasikiliza mhadhara na upepo unapita. Terminali 2 pale uwanja wa ndege, alichora Paul Andreu, yule yule Mfaransa wa Charles de Gaulle ya Paris, ikafunguliwa 1984, paa lake limekatwa vipande vipande vilivyokaa kama vichaka vya miti. Terminali 3 ya 2019 ni kubwa zaidi, imepangwa kwa abiria milioni sita kwa mwaka, inang'aa, ni nzuri, ila ni jengo ambalo ungeweza kulikuta Doha au popote. Stesheni ya SGR mjini angalau wametaka kusema kitu chetu, umbo la tanzanaiti, vioo tupu, toka treni za Morogoro zianze Juni 2024 nadhani ndo jengo la umma linalopigwa picha kuliko yote hapa mjini. Mi nikiwa na mgeni nampitisha pale, halafu nampeleka na TAZARA aone ule ukumbi mrefu wa miaka ya 70, aone watu walivyokuwa wanalipa hewa heshima yake.

Kwahiyo fasheni moja ya sasa naiunga mkono kwa mikono miwili: matofali ya matundu yamerudi. Yale yale ya kwenye ngazi za maghorofa ya Upanga, ya kwenye korido za shule za msingi, ambayo miaka kumi iliyopita watu walikuwa wanayaziba na simenti kwa sababu ya ushamba. Sa hivi mikahawa ya Masaki inajenga ukuta mzima wa matundu, jua likipita linachora sakafuni, wageni wanapiga picha humo, na huku nyuma upepo unaingia bure. Hiyo ndo ninayoitaka mi, kitu kinachopendeza kwenye simu na bado kinafanya kazi umeme ukikatika. Feni za dari nazo zinarudi, kubwa, zinazozunguka taratibu. Weka feni, weka matundu, AC iache kwenye chumba kimoja cha ndani kwa wanaotaka.

Sasa ngoja niwape kisa cha Upanga maana nikikaa nacho ntapasuka. Ofisi moja kwenye jengo la zamani, mteja kanitumia picha ya marumaru anazotaka, zenye vidoa doa vya rangi, yani marumaru za kutoka kiwandani zilizochapwa picha ya tarazo, ile sakafu ya simenti yenye vipande vya mawe inayosagwa mpaka ing'ae, maana tarazo imerudi fasheni dunia nzima. Sawa. Tumefika kupima, chini kuna zulia la plastiki limechoka, fundi akainua kona moja apime kina. Tarazo. Ya kweli. Vipande vya marumaru vyeupe, vyeusi na vya rangi ya kutu, vimegawanywa kwa mistari myembamba ya shaba, imelala pale chini ya gundi na uchafu miongo yote hiyo. Mteja anataka nibandike picha ya tarazo juu ya tarazo.

Nikamwambia kaka, hii unayo tayari. Akaiangalia akasema "Hiyo si sakafu ya hospitali hiyo?" Tukabishana weeh. Mwisho nikamwomba nisafishe kipande kimoja tu, mlangoni, kama meza ya chai ukubwa wake, akikataa naweka marumaru zake. Tulimpata mzee mmoja fundi, mashine yake kubwa ina mawe ya kusagia kwa chini, unamwaga maji inazunguka, unaanza na jiwe lenye chembe kubwa unashuka mpaka laini kabisa, tope jeupe linatoka kama uji. Kile kipande kilipokauka na kupakwa nta, kijana wa mapokezi alivua viatu akasimama juu yake. Hakuambiwa na mtu. Mteja hakusema kitu, akauliza tu chumba chote ni shilingi ngapi, na ilikuja chini ya bei ya marumaru na gundi na ufundi wa kubandika. Kwahiyo kama uko kwenye jengo la zamani Posta, Upanga au Kisutu, kabla hujanunua chochote inua kona moja ya hilo zulia uangalie.

Vitu vya kwetu kwa ujumla vimeanza kuingia na hilo ni jema, taa za ukili, vikapu vya milulu vya Iringa vinageuzwa vivuli vya taa, meza za mninga kutoka Keko. Tatizo wengi wanaweka kama kiungo cha juu tu, mto mmoja wa kitenge kwenye sofa la kijivu, kinyago kimoja cha Mwenge kwenye kona, basi tumeshakuwa Waafrika. Edward Tingatinga alivyoanza pale Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 60 alichora kwa rangi ya mafuta ya kawaida ya dukani juu ya hadibodi, vifaa vya ujenzi hivyo, vya fundi. Mi siku zote najiuliza kwa nini tunanunua kauchoro kadogo tunakatundika, wakati tungeweza kumpa mchoraji ukuta mzima wa stendi au wa wodi ya watoto na ndoo nne za rangi.

Ofisi za wazi, ile meza ndefu moja wafanyakazi thelathini, sitaki kuzisema sana. Watafiti Bernstein na Turban walipima kampuni zilizobomoa kuta, walichapisha 2018, maongezi ya ana kwa ana yalishuka kwa karibu asilimia 70, watu wakahamia kwenye imeili, kila mtu kavaa hedifoni. Ukibomoa kuta basi jenga na vichumba viwili vya kupigia simu, ni hivyo tu.

Nimalizie na sehemu ambazo huchagui kwenda, hospitali, benki, ofisi za kulipia bili, stendi. Kule fasheni ni moja tu, vile viti vya chuma vya matundu vilivyoungana vitatu vitatu. Najua kwa nini vinanunuliwa, vinafutika kirahisi, haviozi, na mtu hawezi kuondoka na kimoja akaviacha viwili. Ila kaa navyo masaa matatu unasubiri namba yako. Vyuma vya kuegemea mkono kila baada ya kiti, mama mwenye mtoto mchanga hana pa kumlaza, na mzee anayehitaji chuma cha kujishikilia ainuke, mara nyingi anakuta viko chini mno na vimelala nyuma, anainuliwa na wajukuu wawili. Kuna maofisi ukienda dirisha la wateja wakubwa unakuta sofa na maji ya kunywa, hatua kumi tu kutoka hapo. Kwahiyo kujua wanajua.

Wakati nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ilikuwa na baraza la simenti mbele, limejengwa na ukuta, unakaa watu sita au analala mmoja, halina mguu wa kuvunjika na haliibiwi. Mi sa hivi kila nikipata nafasi ya sehemu ya kusubiria najenga baraza pembezoni mwa ukuta, sentimita 45 juu, juu yake mbao nyembamba zenye nafasi ili makalio yapate hewa, na kila baada ya watu watatu naweka mkono mmoja wa kushikilia. Hizi benchi za ukutani ndo mikahawa ya Ulaya inazilipia hela nyingi sasa.

Kitu cha mwisho na hiki kinanigombanisha na wateja kuliko majani yote: ramp, ule mteremko wa kupandia badala ya ngazi. Fremu za Dar zimeinuliwa kwa sababu ya mafuriko, haki yao, ila ngazi mbili ni kama sentimita 36 na ramp ya mtu wa kiti cha magurudumu inatakiwa kwa kila sentimita moja ya kupanda uende mbele sentimita 12. Piga hesabu, mita nne na kidogo, na kibaraza chako chote ni mita moja na nusu. Kinachofanyika sasa watu wanamwaga zege la mita moja, kali kama bembea la kuteleza la watoto, wanapaka rangi, wameweka ramp. Mtu hawezi kupanda, na akishuka anaishia kwenye bodaboda. Ninachofanya mi ni kuipindisha ikimbie sambamba na mbele ya duka badala ya kutoka moja kwa moja barabarani, ukipanga na jirani mkaunganisha vibaraza viwili mnagawana gharama na mita zinatosha. Jirani akikataa, natengeneza ya chuma ya kukunja, inakaa nyuma ya mlango, mafundi wa Gerezani wanaichomelea siku moja, ila hiyo ukinunua weka na kengele nje kwa chini, urefu wa mtu aliyekaa, maana vinginevyo atajuaje kwamba mnayo.